Vibrafoni haina pumzi, ipe ya kwako

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 23, nipo Lindi mjini. Napiga kinanda kwenye kwaya ya kanisani na nota za do-re-mi nazisoma bila shida. Mwaka jana shule niliyosoma ililetewa vifaa vya muziki vya msaada, na ndani yake ilikuwemo vibrafoni (marimba ya vibao vya alumini) ya oktavi tatu ambayo mota yake haifanyi kazi. Mkuu wa shule ameniruhusu niipige Jumanne na Jumamosi jioni. Nimeipenda mno. Skeli zote za meja nimezishika, na kodi zake pia, yaani zile noti zinazolia pamoja chini ya melodi. Ila nikianza kubuni solo ya jazi najiona napanda na kushuka ngazi tu, hakuna ninachosema. Nianzie wapi? Je, nijifunze kushika vijiti vinne kama wale ninaowaona kwenye simu? Na hiyo mota nifanyeje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili. Mara ya pili nilisimama mbele ya vibrafoni yangu hapa Mikindani nikapiga hicho hicho unachokieleza: skeli ya F kupanda, skeli ya F kushuka, kodi moja, kisha skeli tena. Nakijua kilio hicho vizuri. Nilikaa nacho karibu miaka minne, na hakuna aliyeniambia tatizo liko wapi, kwa sababu wote walionisikia walisifu kasi ya mikono.

Noti unazo, tena kuliko unavyozihitaji. Unachokosa ni pumzi. Mpiga tarumbeta au saksafoni, mapafu yakimwishia, kauli inakatika, atake asitake. Mwimbaji naye ni hivyo hivyo. Sisi wa vibrafoni hatuna kinachotukatisha, mikono inaweza kwenda mpaka alfajiri. Halafu kuna jambo la pili, na hili ni zito zaidi: hatuigusi ala yetu. Mpiga gitaa ana kidole juu ya waya, anaweza kuivuta noti ikalia kama mtoto. Kwetu kati ya mkono na kibao pana kijiti, na kibao kikishapigwa noti imeondoka. Huwezi kuipinda kama mpiga gitaa, huwezi kuikuza, inafifia tu. Umebakiwa na mambo matatu: lini upige, kwa uzito gani, na lini uizime. Ukipiga mfululizo kwa nguvu ile ile huku pedali ya mguuni, ile inayoziacha noti ziendelee kulia, imekanyagwa muda wote, yote matatu umeyatupa. Ndiyo maana unasikia ngazi.

Aliyenitoa huko alikuwa mzee mmoja mpiga saksafoni, si mpiga marimba. Alinisikiliza, akaniambia nipige wakati natoa pumzi tu, na nikivuta pumzi vijiti viwe juu, visiguse kitu. Nilidhani ni mzaha. Dakika ya kwanza nilipotea kabisa, maana nilikuwa nimezoea kupiga huku nimebana pumzi kama mtu anayepiga mbizi. Baada ya wiki moja solo zangu zikaanza kuwa na nukta na mkato. Fanya hivyo Jumamosi hii hii. Usibadilishe noti hata moja katika hizo unazozijua, ziweke tu juu ya pumzi yako.

Sasa nikuambie bahati uliyo nayo. Siku tano za wiki huna ala. Wenzako wenye vibrafoni sebuleni wanakimbilia kupiga kabla hawajawaza. Wewe umelazimishwa kuwaza kwanza, na chombo cha kuwazia ni sauti yako. Siku hizo tano imba. Unajua do-re-mi, basi umeshapata nusu ya kazi, kwa sababu do-re-mi inakuonyesha kila noti inakaa wapi ukilinganisha na nyumbani kwake, na hilo ndilo mbunifu wa solo anahitaji kulijua kuliko jina la noti. Imba kauli fupi ya noti nne au tano ukiwa jikoni. Irudie. Irudie tena ukibadilisha noti ya mwisho tu. Halafu ijibu. Ukifika shuleni Jumanne, kazi yako ni kuzitafuta kwenye vibao kauli ulizokuja nazo mdomoni. Mwanzo utakosea mara nyingi, na kila kosa litakuonyesha umbali uliopo kati ya sikio lako na mkono wako. Umbali huo ndio tunaoupunguza maisha yetu yote.

Watu wa pwani hatupaswi kuona ugeni katika hili. Washairi wetu walijibizana papo kwa papo barazani, na mpaka leo wapo wanaoweza. Mshairi wa namna hiyo habuni kila kitu. Umbo analo tayari: mishororo minne, kila mmoja mizani kumi na sita, kina cha kati na kina cha mwisho. Wasikilizaji nao wanalo. Kila aliyekaa pale anajua kina kitaangukia wapi, na utamu ni kuona mtu huyu atafikaje hapo safari hii. Jazi ni hivyo hivyo. Umbo linajirudia, mpigaji analo kichwani kama ubeti, na juu yake anasema lake.

Umbo la kuanzia ni bluzi ya vipimo 12, kila kipimo mapigo manne. Nakushauri uanzie F, maana kibao cha kwanza kabisa kushoto kwako kwenye vibrafoni ya oktavi tatu ni F, na cha mwisho kulia ni F, kwa hiyo nyumbani kwako panaonekana pande zote mbili. Vipimo 12 vigawe katika mishororo mitatu ya vipimo vinne vinne. Katika bluzi za kuimbwa za Wamarekani weusi, mshororo wa kwanza hutoa neno, wa pili hulirudia, wa tatu hulijibu. Kodi zake ziko hivi: F7 vipimo vinne, B fleti 7 viwili, kisha F7 viwili, C7 kimoja, B fleti 7 kimoja, halafu unarudi F7 kwa viwili vya mwisho. Wapigaji wa jazi huongeza kodi nyingine katikati, lakini mifupa ni hiyo. Ikariri mpaka uweze kumjibu mtu huku unaisikia inapita kichwani.

Hapa sasa ndipo penye tiba ya ngazi zako, kwa hiyo soma polepole. Katika kila kodi ya saba kuna noti mbili zinazobeba sura yake: ya tatu na ya saba, ukihesabu kutoka noti iliyoipa kodi jina. Fanya F kuwa do; ta ni ti iliyoshuka nusu hatua, na ma ni mi iliyoshuka nusu hatua. F7 sura yake ni mi na ta (A na E fleti). B fleti 7 sura yake ni la na ma (D na A fleti). C7 sura yake ni ti na fa (E na B fleti). Tazama wanavyohama. Kutoka F7 kwenda B fleti 7, mi anashuka nusu hatua kuwa ma, na ta anashuka nusu hatua kuwa la. Kutoka F7 kwenda C7 wote wawili wanapanda nusu hatua: mi anakuwa fa, ta anakuwa ti. Kutoka C7 kwenda B fleti 7 wote wanashuka hatua nzima. Basi. Bluzi nzima iko ndani ya noti mbili zinazosogea kidogo kidogo kama watu wawili wanaopishana mlangoni.

Imba njia ya noti moja tu kwanza, kila noti ikae kipimo kizima: mi, mi, mi, mi, ma, ma, mi, mi, fa, ma, mi, mi. Umeona? Hiyo tayari ni melodi. Kisha njia ya pili: ta mara nne, la mara mbili, ta mara mbili, ti, la, ta, ta. Ukifika kwenye ala, kijiti cha kushoto kibebe njia moja na cha kulia njia nyingine, pamoja, polepole, bila kitu kingine. Nilipowafundisha vijana wawili hapa Mtwara niliwakataza kupiga skeli kwa mwezi mzima, wakapiga hili tu, na hadi mwezi unaisha mtu aliyepita barabarani angeweza kusema hapa kodi imebadilika. Skeli haina uwezo huo. Ukipiga skeli ya F juu ya kodi tatu tofauti, masikio hayaambiwi lolote kuhusu mabadiliko.

Baada ya hapo ndipo unaruhusiwa mapambo. Chagua noti ya sura ya kodi inayokuja, uifikie kwenye pigo la kwanza la kipimo, na kabla yake weka noti moja kutoka nusu hatua chini au hatua moja juu. Halafu mbili. Halafu zungushia juu na chini kabla ya kutua. Hapo utagundua kwamba zile skeli ulizozihangaikia hazikupotea, zimepata pa kwenda.

Mapigo nayo yanataka neno. Swingi ya jazi, kwa mwendo wa wastani, hugawa pigo katika noti ndefu na fupi, karibu kama pigo lenye sehemu tatu ambapo ndefu imechukua mbili na fupi moja. Mwendo ukiwa wa kasi sana tofauti hiyo hupungua, noti zinakaribia kulingana. Watu wengi wa mbali hulisoma hili kwenye vitabu kwa taabu. Sisi tumekulia kusini, ambako ngoma nyingi hugawa pigo kwa tatu, na miguu ya mtu aliyekulia Newala au Nachingwea inalijua kabla ya kichwa. Pakua metronomi, programu inayogonga mapigo, kwenye simu, iweke polepole, na uihesabu kama pigo la pili na la nne, siyo la kwanza na la tatu. Piga makofi nayo kwanza. Siku ya kwanza itakukwepa, itajigeuza yenyewe kuwa moja na tatu. Vumilia. Ikishakaa, noti zako zitaanza kuegemea vizuri hata kama hujabadilisha kitu kingine.

Unahitaji pia mtu wa kumfuata kwa sikio. Mmoja tu kwa sasa. Lionel Hampton ndiye aliyeiingiza vibrafoni katika jazi, alipoirekodi na mpiga tarumbeta Louis Armstrong mwaka 1930; alikuwa mpiga dramu, na kila anachopiga kina dramu ndani yake. Gary Burton alikuja baadaye akaonyesha vijiti vinne vinaweza kufanya kazi ya piano nzima. Wote wawili utawapenda. Lakini wa kuanzia ni Milt Jackson, yule wa kundi la Modern Jazz Quartet. Alikulia katika nyimbo za injili kanisani, na wewe wa kwaya utamsikia upesi. Bluzi ilikuwa lugha yake ya nyumbani. Anasema kauli, ananyamaza, anaijibu, na ukimya wake una uzito kama noti zake.

Tafuta bluzi yake moja ya mwendo wa wastani. Usichukue wimbo mzima, chukua mzunguko mmoja wa vipimo 12 wa solo yake. Punguza mwendo kwenye simu, siku hizi sauti inapungua kasi bila kushuka. Sikiliza siku mbili bila kuimba. Kisha imba pamoja naye mpaka usisikie tena tofauti ya sauti yako na yake, ukivuta pumzi anapokatisha. Ndipo uende kwenye vibao. Itakuchukua wiki tatu, pengine mwezi. Usikimbilie nota zilizoandikwa na mtu mwingine. Nota itakupa jina la noti tu. Namna alivyochelewa kidogo nyuma ya pigo, na pale alipoigusa noti kama anaiomba radhi, huwezi kuyapata kwenye karatasi.

Nirudi kwenye kuzima, maana niliahidi mambo matatu na hili ndilo linaloachwa na wanaojifunza wenyewe. Marimba ya mbao noti yake hufa haraka. Dimbila ya Wamakonde, ambayo vibao vyake hulazwa juu ya migomba au vifungu vya majani, ukiacha kupiga imenyamaza. Ndiyo maana mpigaji wake hujaza na kujaza. Vibrafoni ina tabia kinyume: alumini inaendelea kulia, na bila kuizima noti zinapandiana mpaka zinakuwa kama watu wanaoongea wote kwa pamoja msibani. Mwaka 1927 kampuni ya Deagan ya Chicago ilitoa vibrafoni yenye vibao vya alumini na pedali ya kuzima mlio, na huo ndio muundo tulionao hadi leo. Kisigino kibaki sakafuni, ukanyage kwa sehemu ya mbele ya wayo. Mimi hupiga peku, nyumba nzima inacheka, lakini mguu unahisi vizuri. Kanyaga mwanzo wa kauli, achia mwisho wa kauli. Kodi ikibadilika, achia ukanyage upya, kama mpiga piano. Kisha jifunze kanyago la nusu, pale kitambaa cha kuzimia kinapogusa vibao kwa mbali, noti inalia na kufa kistaarabu. Kauli nyingi za kasi zinaishi hapo.

Kuna kuzima kwa kijiti pia, na hapo ndipo ala inaanza kusema. Kanyaga pedali usiachie. Kijiti cha kulia kipige so. Cha kushoto kipige fa, na wakati ule ule kulia kibonyeze so iliyokuwa inalia, kwa kichwa chake cha uzi, taratibu, bila kugonga. Sasa kulia kipige mi huku kushoto kinabonyeza fa. Shuka hivyo hadi do. Ukisikia noti moja tu wakati wowote, umefaulu. Ukisikia mbili, bado. Dakika tano kila Jumanne na Jumamosi, si zaidi, kwa sababu akili huchoka kabla ya mikono. Miezi miwili mbele utaweza kuacha noti moja ya kodi ilie chini huku melodi inatembea safi juu yake, na msikilizaji atadhani mko wawili.

Na angalia unapogonga. Piga katikati ya kibao. Vile vya safu ya juu unaweza kupiga ncha iliyo upande wako ukitaka kasi. Usipige juu ya kamba inayoshika vibao: pale inapopita, karibu robo ya urefu kutoka kila ncha, chuma hakitikisiki, na ukigonga hapo noti inatoka imekufa.

Jambo moja nililichelewa, nisingependa ulichelewe. Kwa miaka mingi niliamini jazi ni lazima inukie Chicago. Neno lenyewe tunalo siku nyingi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz. Zilikuwa bendi za dansi, wala hazikupiga muziki wa Marekani ninaokueleza hapa. Morogoro ilikuwapo hata bendi iliyoitwa Cuban Marimba, ya Salum Abdallah. Lakini msikilize Mbaraka Mwinshehe anapoingia na solo ya gitaa. Anachukua kauli fupi, anairudia, anaisogeza kidogo, anairudia, mpaka wachezaji wanaingojea. Huo ni ubunifu wa papo kwa papo wa daraja la juu, na ulikuwa redioni kwa babu yangu. Na Mulatu Astatke, aliyezaliwa Jimma, Ethiopia, mwaka 1943, alisoma Uingereza na kisha Marekani, akaishika vibrafoni hii hii tunayoizungumzia, halafu akairudisha kwenye skeli za noti tano za kwao. Hakuna anayemsikia akadhani ni mtu wa New York.

Kwa hiyo kila Jumamosi, robo saa ya mwisho, weka bluzi kando. Chukua wimbo mmoja wa kwenu, wa mchezo wa watoto au wa kubembelezea mtoto, au pambio la kwaya yako. Nyimbo za ndani ya unyago ziache, zina wenyewe. Piga melodi ilivyo, bila mapambo, mara tatu. Kisha ivunje: acha noti moja, chelewesha nyingine, jibu mshororo wa kwanza kwa maneno yako. Kwa sababu wimbo unaujua tangu utotoni, masikio yako hayatakuruhusu kupanda ngazi ovyo. Wanafunzi wangu wengi husema kitu cha kwanza cha kweli kwenye ala hii wakiwa ndani ya wimbo wa nyumbani, halafu ndipo bluzi nayo inafunguka.

Vijiti vinne: bado. Utavitaka, na utavijua, lakini kwa mwaka huu viwili vinakutosha. Milt Jackson alitumia viwili. Ukishika vinne kabla sikio halijakomaa utaanza kutafuta kodi nene za kufichia mistari myembamba. Pesa yako nunulia jozi moja nzuri yenye vichwa vya uzi, ugumu wa wastani. Ukiikosa, zungushia uzi wa kufumia kwenye mpira mgumu ulioutoboa, na mpini uwe fito nyembamba inayokunjika kidogo. Nimefanya hivyo mara nyingi na zinalia.

Kuhusu mota, usihuzunike hata kidogo. Haihusiki na kutoa sauti. Chini ya kila kibao kuna bomba la kukuza sauti, na juu ya kila bomba kuna kisahani kinachozungushwa na mota. Kinafungua na kufunga mdomo wa bomba, na sauti inapanda na kushuka kama wimbi. Hampton aliizungusha kwa kasi, Jackson aliipunguza sana, na Burton alipiga bila mota. Kujifunza bila mota ni bora kwako, maana makosa ya kuzima hayajifichi. Ila kabla hujaikatia tamaa fungua utazame mkanda wake wa mpira, mara nyingi ni huo tu umekatika. Na tafadhali, soma kibandiko cha umeme kabla hujachomeka. Kama ala imetoka Marekani huenda mota ni ya volti 120, na umeme wetu ni 230. Utaiunguza mara moja.

Chumvi ya Lindi inakula kila kitu, nawe unajua. Ukimaliza, futa vibao kwa kitambaa laini kikavu, usitumie dawa za kusugulia masufuria, na funika ala kwa shuka. Kagua kamba inayoshika vibao. Ikianza kuchanika, usingoje ikatike katikati ya wimbo, tafuta kamba imara ya nailoni yenye unene ule ule kwa wauza vifaa vya uvuvi.

La mwisho ni la kufanya kabla hata ya kuanza zoezi lolote Jumanne. Inama uvitazame vile visahani juu ya mabomba, safu zote mbili. Kama vimesimama vikiwa vimelala, vimeziba midomo ya mabomba, na nusu ya sauti ya ala yako imefungiwa humo ndani tangu siku ulipoipokea. Vizungushe kwa kidole, pole pole, mpaka visimame wima. Halafu piga ile F ya kwanza kushoto, kanyaga pedali, na uisikilize mpaka iishe.